BABA WANNE WA LIKIZO MOJA

Ama kweli, ukimwona mtu wa kidato cha tatu ameshika kalamu na hakuna mtihani, jua ana neno. Neno langu mwaka huu ni juu ya riwaya.

Likizo ya Desemba iliyopita nilijipa kazi: kusoma riwaya nne kwa mwezi mmoja, moja kila wiki, na zote ziwe nje ya kile kitabu tunachotahiniwa. Nilipofunga ukurasa wa mwisho wa ile ya nne niliona jambo ambalo sikulipanga. Vitabu vyote vinne, vya waandishi wanne tofauti, vilikuwa vinanisimulia habari za baba: baba apigaye, baba afungiaye, baba akanaye na baba asiyekuwepo. Katika makala haya nitaeleza nilivyozisoma, nilichokiona ndani yake, na kwa nini nadhani jambo hili linatuhusu sisi tunaokaa bwenini miezi tisa na kurudi kwa baba zetu miezi mitatu.

RIWAYA ZENYEWE NA JINSI NILIVYOZISOMA

Riwaya zenyewe ni hizi: Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Mbili nilizitoa katika maktaba yetu ya shule kwa idhini ya mlezi wa chama. Ya tatu niliazima maktaba ya mjini. Ya nne nilipewa na mjomba wangu, nayo haikuwa na jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia. Kitabu ni kitabu.

Wengine wenu mtauliza, "Kwani wewe nyumbani hupewi kazi?" Napewa sana! Asubuhi kuna ng'ombe, mchana kuna shamba, jioni kuna wageni wa Krismasi. Nilichokuwa nacho ni nusu saa alfajiri na saa moja kabla ya kulala. Lakini piga hesabu: kitabu cha kurasa 140 ukikigawa kwa siku 7 unapata kurasa 20 kwa siku. Kurasa 20 si mlima. Haba na haba hujaza kibaba.

Kando ya kitabu niliweka daftari. Kila usiku niliandika mistari mitatu tu: nani kafanya nini, kwa nini kafanya, na lau ningekuwa mimi ningefanyaje. Huo mstari wa tatu ndio uliokuwa mgumu, na ndio ulionifundisha zaidi.

BABA APIGAYE

Wiki ya kwanza nilianza na Rosa Mistika. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, na hii ndiyo riwaya yake ya kwanza. Ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni nchini humo kwa kuonekana haiwafai vijana. Baadaye ilikubaliwa, ikasomwa na hao hao vijana.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Jembe analijua mkewe. Yeye anakijua kilabu. Lakini jioni arudipo na pombe kichwani ndiye askari wa maadili ya binti zake. Siku moja Rosa anapata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba anaigundua, na kipigo kinachofuata ni cha kuwashtua hata majirani.

Sasa hebu tuulize: kipigo kile kilimfundisha Rosa nini? Mimi katika daftari langu niliandika neno moja: hofu. Hakumfundisha kumtambua kijana mwema na kijana mlaghai. Hakumfundisha kusema "sitaki", wala kusema "ngoja kwanza nimalize masomo". Alimfundisha kuogopa fimbo. Sasa Rosa anapokwenda shule ya mbali, na hatimaye chuo cha ualimu, fimbo imebaki Ukerewe. Naye hana kipimo chake mwenyewe, kwa kuwa maisha yake yote kipimo kilikuwa mkononi mwa baba. Ndipo wanaume wenye vyeo na pesa wanapompata. Mwisho wake ni wa kusikitisha mno na sitausimulia wote hapa, ili nisiwaharibie utamu, au tuseme uchungu, wa kujisomea.

Kuna watu wanaosema vitabu kama hiki visikae katika maktaba ya shule. Nawaheshimu, ila nina swali. Rosa hakuharibiwa na kitabu. Nyumbani kwao sikuona hata kitabu kimoja cha hadithi kikimpotosha. Aliharibiwa na nyumba ambayo hakuna mtu aliyemweleza jambo lolote. Ikiwa nyumbani hatuelezwi, na maktabani hatusomi, tutaambiwa na nani? Mtaani? Mwalimu akisoma riwaya hii pamoja nasi, akasimama penye miiba na kutueleza, hapo kitabu kinakuwa mlezi wa pili.

Kuhusu lugha, Kezilahabi anaandika sentensi fupi fupi, kavu, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Hapambi. Jambo baya analisema kwa maneno matano kisha anasonga mbele, nawe unabaki hapo hapo umeduwaa.

BABA AFUNGIAYE

Wiki ya pili nikahamia Utengano. Mwandishi wake, Said Ahmed Mohamed, alizaliwa Unguja mwaka 1947, na kwa miaka mingi alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Bayreuth huko Ujerumani.

Ukimlinganisha Zakaria na Maksuudi wa riwaya hii utadhani ni mbingu na ardhi. Zakaria ni maskini, Maksuudi ni tajiri. Zakaria ni mlevi asiyeheshimiwa, Maksuudi ni mzee wa heshima zake, anawania uongozi, watu wanampisha njia. Zakaria anapiga kelele, Maksuudi anafunga mlango. Mkewe Tamima na bintiye Maimuna wanaishi ndani kama vitu vya thamani vilivyowekwa sandukuni. Kumbe nje, yeye mwenyewe anamwendea mwanamke aitwaye Kazija kwa siri! Nyumbani sheikh, nje mwingine.

Kisa kilichonikaa rohoni ni cha Tamima kushikwa na uchungu wa kuzaa. Mume hayupo na hajatoa idhini ya mtu yeyote kuingia. Inabidi mkunga, Biti Kocho, aitwe hivyo hivyo, maana mtoto hangoji ruhusa. Maksuudi anaporudi hasemi "asante Mungu". Anampiga yule mkunga na kumtaliki mkewe. Fikirini jamani! Amri ya mlango imekuwa kubwa kuliko uhai wa watu wawili. Maimuna naye anatoroka, na dunia anayoiingia hajawahi hata kuichungulia dirishani. Mtu aliyefungiwa miaka yote atajuaje nani wa kumfuata?

Hapa ndipo nilipoacha kitabu nikafikiri juu ya kwetu. Maimuna ana ndugu wa kiume, Mussa. Mussa anatoka atakavyo, anasoma atakavyo. Mlango ule ule unaomfungia dada unamfungulia kaka. Nami ni kaka. Nyumbani kwetu nikitoka jioni naulizwa mara moja, "Waenda wapi?" nikijibu, nimekwenda. Dada yangu, ambaye nimemzidi mwaka mmoja tu, haulizwi anakwenda wapi kwa sababu haendi.

Jioni hiyo baba alinikuta kibarazani na kitabu.

"Hicho ni cha mtihani?" akauliza.

"La, baba. Ni cha kusoma tu."

"Cha kusoma tu!" Akacheka, akavuta kiti. "Na kinasemaje?"

Nikamweleza habari za Maksuudi kwa ufupi, mzee anayefungia mkewe na bintiye. Baba akanywa chai yake kimya. Kisha akauliza, "Na huyo kijana wao wa kiume, yeye hafungiwi?"

"Hafungiwi."

"Mhm," akasema, na hakuongeza neno.

Sitawadanganya kwamba kesho yake nyumba yetu iligeuka. Riwaya si dawa ya kunywa asubuhi na jioni. Ila wiki ya Krismasi dada yangu alipoomba kwenda mazoezi ya kwaya, aliambiwa aende, arudi kabla giza halijaingia. Nami nilipoaga kwenda kutazama mpira, niliambiwa maneno yayo hayo: nirudi kabla giza halijaingia. Sikufurahi sana, lakini haki ni haki.

BABA AKANAYE

Wiki ya tatu ilikuwa ya Nyota ya Rehema. Huyu Mohamed Suleiman Mohamed, aliyetuandikia pia Kiu (1972), anatupeleka Zanzibar ya enzi za mabwana wenye mashamba.

Rehema anazaliwa na Fuad, bwana mwenye asili ya Kiarabu na mali, na mkewe Aziza. Kosa la Rehema ni rangi. Amezaliwa mweusi kuliko baba alivyotarajia, na baba anamtilia shaka na kumtenga. Mtoto mchanga, ambaye hajui hata jina lake, tayari ameshahukumiwa! Mama anakufa, mama wa kambo anaingia, na mtoto anakua katika nyumba ya babake kama mgeni asiyekaribishwa, mpaka anaikimbia.

Nilijifunza hapa kwamba kuna kipigo kisichotumia fimbo. Zakaria na Maksuudi, kwa ubaya wao wote, wanasema "huyu ni binti yangu". Fuad hasemi hata hilo. Na mwandishi hakomei kwenye machozi. Anatuonyesha kwamba kumkana mtoto ni jambo la mali pia. Rehema anaolewa na Sulubu, mkulima maskini mwenye mikono migumu na moyo laini, wakalima ardhi ya Ramwe. Baadaye ardhi hiyo hiyo inageuka kuwa ugomvi wa urithi. Aliyekataliwa utotoni kwa rangi yake anakataliwa ukubwani kwa shamba. Sisi Wakenya tunaojua jinsi ndugu wanavyogombea mipaka mara tu mzee anapozikwa, tutasema hii ni hadithi ya Unguja peke yake?

Kiswahili chake ni kitamu kama halua. Maneno mengine ya Kiunguja yalinipeleka kwenye kamusi mara kwa mara. Msiogope jambo hilo. Niliandika maneno mapya kumi kila siku, na mawili matatu kati yake nimeyatia katika insha zangu muhula huu, mwalimu akaweka alama ya vyema.

BABA ASIYEKUWEPO

Nilimalizia na Siku Njema, na nilifanya vizuri kuiweka mwisho kwa sababu baada ya zile tatu moyo ulikuwa umechoka. Mhusika mkuu ni Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki kwa jamaa, anateswa na kudharauliwa. Babake hamjui. Anachojua ni kwamba yuko bara, nchini Kenya. Basi anafunga safari kumtafuta, safari inayomfikisha mpaka Kitale.

Tofauti kubwa ya riwaya hii na zile tatu ni nafsi. Zile tatu zimesimuliwa na mtu aliye nje, anayewaona wahusika wote. Hii inasimuliwa na Kongowea mwenyewe: mimi nilikwenda, mimi nilipigwa, mimi nililia. Sasa angalieni nguvu ya mbinu hii. Kwa Zakaria na Maksuudi, sisi wasomaji tunaona maovu ya baba kabla watoto hawajayaona. Kwa Kongowea, hatujui zaidi ya anachokijua yeye. Tunamtafuta baba pamoja naye, tunamwazia mema na mabaya kama anavyomwazia. Ndiyo sababu kurasa zinakimbia. Darasani tunafundishwa "nafsi ya kwanza" na "nafsi ya tatu" kama alama mbili za mtihani. Ukisoma riwaya mbili kwa kufuatana unaona kumbe ni milango miwili tofauti ya kuingilia nyumba moja.

Jambo jingine: Kongowea hana baba, lakini ana Kiswahili. Umahiri wake katika lugha ndio unaomfungulia njia. Kwa mwanachama wa chama chetu hiyo ni habari njema kuliko zote! Inanisikitisha kwamba mwaka 2020 ulituchukulia wawili katika hawa wanne: Kezilahabi mwezi wa Januari na Walibora mwezi wa Aprili. Mungu awalaze pema. Vitabu vyao havikuzikwa.

NA MAMA JE?

Nilipoyapitia maandishi ya daftari langu mwisho wa mwezi, nikakuta jambo la pili. Katika nyumba zote nne, anayelipa ni mama. Regina anabeba nyumba nzima kwa jembe. Tamima anatalikiwa kwa kosa la kuzaa. Aziza na Zainabu wanakufa na kuwaacha watoto wadogo. Baba anakosea, mama anagharimika, mtoto anarithi deni. Sikuambiwa hivyo na mwongozo wowote. Nimeyaona kwa kuziweka riwaya nne kando kwa kando juu ya meza.

KWA NINI BABA?

Mtu anaweza kusema, "Hawa waandishi wanawaonea baba zetu." Nililifikiria hilo. Nadhani kuna sababu mbili.

Kwanza, katika fasihi nyumba mara nyingi ni mfano wa nchi. Baba ndiye mwenye ufunguo, mwenye fimbo na mwenye mali. Mwandishi akitaka kusema juu ya mtawala asiyehojiwa, anaweza kumweka sebuleni na kumpa mke na watoto. Maksuudi anawania uongozi. Je, mtu anayefunga mkewe ndani, akipewa nchi ataifanyaje? Mwandishi hakuhitaji kutuhutubia. Alituonyesha mlango tu.

Pili, baba mwema hana kisa kirefu. Anaamka, anakwenda kazini, analipa karo, anarudi. Lakini si kweli kwamba riwaya zetu hazina baba mwema. Dada na kaka zetu waliofanya mtihani kati ya 2018 na 2022 watamkumbuka Mwangeka wa Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei. Yeye na mkewe Apondi wanamchukua Umu, mtoto asiye wa damu yao, na kumlea kama wao. Linganisheni na Fuad: mmoja anamkana wa damu yake, mwingine anamkubali asiye wa damu yake. Basi ubaba si damu peke yake. Ubaba ni kazi, na kazi hufanywa kila siku.

MIONGOZO TUIWEKE MAHALI PAKE

Sasa nije kwenye kidonda chetu. Tukiwa wakweli, wengi hapa shuleni hatusomi vitabu, tunasoma miongozo. Mwongozo unakwambia: Zakaria ni mlevi, ni katili, ni mnafiki. Unakariri sifa tatu, unapata alama zako, unatoka. Sina ugomvi na mwongozo. Ni kama fimbo ya kipofu, humsaidia anayetembea. Lakini fimbo haitembei peke yake. Anayesoma mwongozo bila kitabu amelamba karatasi ya peremende akatupa peremende.

Na hasara si ya alama tu. Sifa tatu za Zakaria haziwezi kukufanya ufikirie dada yako. Kipigo chenyewe, kikisimuliwa ukurasa kwa ukurasa, kinaweza. Wavulana wenzangu, miaka kumi na mitano ijayo baadhi yetu tutakuwa ndio hao baba. Hakuna somo katika ratiba yetu linaloitwa "ubaba". Mahali pekee nilipoona likifundishwa ni humo katika riwaya, tena kwa mifano ya watu waliofeli, ambayo mara nyingi hufundisha kuliko mifano ya waliofaulu.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa chama chetu. Kwanza, kila mwanachama asome angalau riwaya moja isiyo ya mtihani kila likizo, na aje na daftari lake la mistari mitatu. Pili, mikutano yetu ya Ijumaa itenge dakika 20 za mtu kusimulia alichosoma, bila kusimulia mwisho. Tatu, kila anayemaliza kidato cha nne aiachie maktaba kitabu kimoja cha hadithi, hata kama kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Tukifanya hivyo miaka mitano, rafu ile ya Kiswahili iliyo nusu tupu itajaa bila mtu kuombwa mchango.

Nanyi wasichana wa shule hii, someni Utengano na Nyota ya Rehema, kisha mje mtueleze tulichokosa kukiona sisi wavulana. Nina hakika kipo.

Likizo ya Aprili ni wiki chache tu, lakini riwaya moja inatosha ndani yake na nafasi inabaki. Mimi nimeshachagua yangu, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Wewe umechagua ipi? Alamsiki.